Nani Alifua Mtutu Huu?

Kuna aina ya makala ninayosoma usiku, bando likiwa bado lipo, na sijawahi kumwambia mtu. Yanaandikwa na wazee wa Uingereza na Marekani wanaokusanya bunduki za kale, zile za kushindilia baruti kupitia mdomoni, ambazo sisi tunaziita magobori. Mwendo wake ni mmoja. Mtu ananunua bunduki mnadani. Anaisugua kutu. Anakuta jina dogo limechorwa kwenye mtambo, jina ambalo halimo kwenye vitabu vikubwa. Basi anaanza kumsaka mwenye jina. Anapekua daftari za ubatizo, sensa, vitabu vya kodi, matangazo ya magazeti. Mwishowe anampata: fundi mdogo, karakana ya chumba kimoja, wana wawili, madeni, mjane aliyeuza vifaa baada ya mazishi. Nawe uko Majengo, umelala chali, feni imeharibika, na unajikuta unamwonea huruma mtu aliyekufa kabla babu wa babu yako hajazaliwa.

Nayapenda makala hayo. Naanza na hilo kwa sababu huko mbele nitayasema.

Sina mapenzi na bunduki. Asili yangu ni upande wa Lamu, na kule, hasa tangu operesheni ya Linda Boni ianze mwaka 2015, ukitaja bunduki kibarazani watu wanamaliza kahawa yao na kukumbuka kazi nyumbani. Ninachopenda ni ule upekuzi. Mtu wa kazi ya mikono anatafutwa kwa jina lake, kwa subira ambayo kwa kawaida huwekewa wafalme. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Tangu hapo nimekula kwa kuandika: maelezo ya bidhaa, sifa za hoteli ambazo sijawahi kulala, hotuba za watu wengine. Karibu yote hayana jina langu. Kwa hivyo swali la nani alifanya kazi na nani aliandikwa jina, kwangu mimi, haliko kwenye kabati la vioo.

Babu yangu yuko Siyu, kisiwani Pate. Ni mfua chuma. Siku hizi anatengeneza mapanga ya shamba, majembe, nanga ndogo za madau. Kumfikia unashuka Mtangawanda na kupanda bodaboda, au chombo chako kinavizia maji yajae ndipo kiingie ule mkono wa bahari wenye mikoko mpaka karibu na ngome. Maji yakitoka, umekwama. Kaa uhesabu kaa.

Kwenye karakana yake, mivukuto inapuliza moto kupitia bomba la chuma ambalo nimeliona tangu utotoni. Mwaka jana ndipo nililitazama vizuri. Ni mtutu wa bunduki, umekatwa ncha. Upande wa nyuma, chini ya masizi, kuna alama ya duara lililorefuka kama yai, na ndani yake herufi ELG. Pembeni pana herufi nyingine mbili, zimelika.

"Babu, hii imetoka wapi?"

"Imekuya na mai," akasema. Imekuja na maji. "Mimi niliikuta kwa babaangu, ikipuliza moto. Naye aliikuta."

Usiku ule nami nikawa mmoja wa wale wazee.

Alama yenyewe haikunisumbua. ELG ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya Liège, mji wa Ubelgiji, na ulianza kutumika enzi za Napoleon, mji ule ukiwa chini ya Ufaransa. Mtutu mpya ulishindiliwa baruti kupita kiasi cha kawaida, ukafyatuliwa watu wakiwa mbali. Usipopasuka, unapigwa muhuri. Maana yake kwa mnunuzi ni hii: hautakupasukia usoni. Herufi ndogo za pembeni huwa za mkaguzi, au za yule aliyefua mtutu. Nikaona mambo si haya, sasa nimtafute tu mwenye herufi.

Hapo ndipo makala ninayoyapenda yalipoanza kunikwama kooni.

Kule Liège bunduki moja haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mitutu ilifuliwa kwenye vijiji vya bonde la mto Vesdre, ambako maji yaliendesha nyundo. Mitambo ilitengenezwa na watu wengine, wengi wao majumbani kwao. Matako ya mbao yalichongwa na wengine tena. Mwenye duka mjini alikusanya vipande, akamlipa kila mtu ujira wa kipande chake, na jina lililokwenda sokoni likawa lake yeye. Birmingham ilikuwa vivyo hivyo: mtaa mzima wa mafundi, huyu kazi yake skrubu tu, huyu kunyoosha mitutu, huyu kupiga tupa mitambo, na vipande vikibebwa kutoka mlango huu kwenda ule. Kwa hivyo yule "fundi mdogo" tunayemwonea huruma, mara nyingi alikuwa tajiri mdogo. Jina lililo kwenye mtambo ni la mtu aliyekuwa na mtaji wa kuliandikisha.

Waandishi wa makala hayo wanalijua jambo hili. Wengine wanalitaja, kisha wanalipita, kwa sababu umbo la hadithi yao linataka mtu mmoja: alizaliwa, akajifunza kazi, akafungua duka, akafa. Ukiwaletea watu kumi na watano waliogusa chuma kimoja, hadithi inawamwagikia mikononi. Hili ndilo kosa la kwanza ninalowatia. Wameanza kwa kumheshimu mfanyakazi, wakaishia kumheshimu mwenye stempu.

Basi nikaacha kuuliza nani aliufua, nikauliza uliingiaje kwetu.

Tarehe 21 Septemba 1833, mjumbe wa Marekani aitwaye Edmund Roberts alitia saini mkataba na Seyyid Said huko Muscat. Wafanyabiashara wa Salem walitaka pembe za ndovu na sandarusi, na walileta kitambaa ambacho mpaka leo tunakiita marekani. Ndani ya mkataba ule mna sharti moja kuhusu silaha. Unguja, bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali peke yake. Lakini kwenye bandari nyingine zote za Sultani ziuzwe bila kizuizi, kwa atakayetoa bei ya juu.

Hebu lisome tena sharti hilo. Said alifunga mlango wa nyumba anayolala, akaiacha wazi milango ya mwambao mzima.

Miaka kumi na kitu baadaye, mji mdogo wa Siyu, chini ya Bwana Mataka, ulikuwa unamkatalia. Alituma majeshi, yakarudi vibaya. Mwaka 1845 jemadari wake, Hamad bin Ahmed, akauawa huko huko. Bwana Mataka na Seyyid Said walikufa mwaka mmoja, 1856. Ilibidi kungoja mpaka 1863 ndipo Sultani Majid akaushika mji, na mwana wa Bwana Mataka akafia kifungoni Ngome ya Yesu, Mombasa.

Sisemi kwamba bomba la Babu lilipigana vita hivyo. Chuma hakitoi ushahidi. Nasema kwamba bunduki za Ulaya kwenye mwambao huu hazikuja kwa bahati. Zilikuja kwa karatasi yenye saini, na karatasi ile ina majina ya waliosaini. Aliyefua hayumo, na aliyefyatua pia hayumo.

Sasa nije kwenye mahali ambapo nilikaribia kudanganya.

Nilimwahidi mhariri makala kuhusu fundi wa bunduki wa Siyu. Alipenda sana. Nami nilimtaka sana fundi huyo awepo. Mtandaoni kuna watu wanaoandika kwamba Waswahili walikuwa na viwanda vya bunduki kabla mzungu hajatia mguu, na wanapata likes kwa maelfu. Ingekuwa rahisi nami niongeze jiwe langu kwenye rundo. Lakini ukisoma walioishughulikia Siyu kwa dhati, kama James de Vere Allen, au Howard Brown ambaye makala yake ya mwaka 1988 inauita kabisa mji wa mafundi, unakuta sifa ni zile zile: panga na majambia, kazi za ngozi, milango na viti vya kuchonga, fedha na dhahabu, na misahafu ya kuandikwa kwa mkono. Umaarufu wa Siyu ni huo. Bunduki zilikuja na maji, kama alivyosema Babu.

Nilikasirika siku mbili. Kisha nikajiuliza kwa nini nimekasirika. Mji uliotengeneza vitu vyote hivyo haukunitosha mpaka utengeneze na bunduki? Nilikuwa nimeazima kipimo cha mtu mwingine bila kujua: kwamba watu huhesabika pale wanapotengeneza kitu cha kuulia kwa mbali. Wale wa likes na wale wazee wa mnadani, kumbe, wanasali msikiti mmoja. Wote wanamtafuta Mtengenezaji, kwa herufi kubwa.

Na hilo ndilo kosa la pili la makala yale, kubwa kuliko la kwanza. Historia ya bunduki kwao inaanza karakanani na kwisha siku inapouzwa. Lakini fikiria gobori la gumegume linavyofanya kazi. Unapima baruti na kuimimina mdomoni mwa mtutu. Unatia kitambaa na risasi. Unashindilia kwa mdeki, yaani ule ufito mrefu unaokaa chini ya mtutu. Unatia baruti kidogo kwenye kisahani cha mtambo. Ukivuta, jiwe linapiga chuma, cheche inaangukia kisahani, moto unapita tundu dogo, ndipo inalia. Kila hatua pana kitu cha kuharibika. Springi ya mtambo inachoka. Jiwe linapoteza makali. Tundu linaziba. Tako linapasuka. Na haya ni mahali pa kawaida. Weka sasa chumvi ya Siyu, unyevu wa kusi, na baruti inayokunywa hewa kama sukari koponi.

Mashine kama hiyo inahitaji mfua chuma wa kufua springi upya. Inahitaji seremala wa kuchonga tako. Inahitaji fundi wa ngozi wa kushona mkoba wa risasi na mkanda, na mkoba usiopitisha maji ni kazi kweli kweli. Inahitaji mtu wa fedha au shaba wa kufunga pete pale mbao ilipopasuka. Sasa rudi kwenye orodha ya Siyu uihesabu. Wote wanne wamo.

Kwa hivyo, ukiniuliza kama Siyu ilikuwa na watengenezaji wa bunduki, jibu langu ni kwamba mji ule ulikuwa na kila mkono unaohitajika kuiweka bunduki hai, na kuiweka hai ni nusu ya kuitengeneza. Gobori lililokaa kwetu miaka arobaini, tako jipya, springi mpya, mkanda mpya, limebaki na nini cha Liège? Mtutu na muhuri. Na mtutu nao, ukishachoka kabisa, haukutupwa. Mtu aliukata, akaona kwamba kilichotengenezwa kutoa moto kinaweza kupeleka upepo kwenye moto. Umefanya kazi hiyo kwa vizazi vitatu, pengine zaidi ya muda wote uliobeba risasi. Makala ya wakusanyaji yangemwita mtu yule mharibifu. Mimi naona ndiye aliyeumaliza.

Linabaki suala la jina.

Siyu na Pate si kwamba watu hawakujua kuweka jina. Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka, alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, na kuelekea mwisho akajitaja yeye ni nani na akatia mwaka wa Hijria, 1275. Tumezoea kufundishwa utendi ule kama kitabu cha adabu za mke, basi. Mara chache mwalimu anakwambia kwamba mtungaji ametoka nyumba iliyopigana na Unguja, na kwamba miaka miwili tu imepita tangu amzike kiongozi wa vita. Lakini angalau jina lake tunalo, kwa sababu alilishona ndani ya kazi. Kalamu ina mahali pake pa kusaini. Hata mwandishi wa msahafu ana ukurasa wa mwisho. Nyundo haina ukurasa wa mwisho. Hakuna jambia la babu zetu nililowahi kulishika likaniambia nani alilifua.

Nilikuwa nimeshaandika hapa aya ya hasira: kwamba mafundi walidharauliwa, kwamba waungwana walipenda shairi kuliko chuma, kwamba hawa ndio watu walionyimwa majina. Nikamsomea Babu kwa simu. Akacheka.

"Jina la nini, mwanangu? Mimi nikimfulia mtu kisu, hajui nimemfulia mimi?"

Nikaifuta aya yote.

Maana ukirudi kule Liège, muhuri uliwekwa kwa nini? Kwa sababu anayefua na anayefyatua hawataonana maisha yao yote. Mtutu utavuka bahari, utauzwa na mtu kwa mtu, na mnunuzi wa mwisho hana nyumba ya kwenda kupiga hodi ukimpasukia. Muhuri unashika nafasi ya kujuana. Siyu haukuhitajika. Kisu kikivunjika mpini, unakwenda mlango wa tatu baada ya msikiti, unamrushia mwenyewe mbele ya wanawe. Jina la fundi lilikuwepo, na likatamkwa kila siku. Lilikaa mdomoni badala ya kwenye chuma.

Jina lilipotea baadaye. Lilipotea siku kitu kilipotoka mjini. Kiti kikauzwa Lamu kwa mgeni. Jambia likaenda mnadani. Msahafu ukavuka bahari. Mmoja wa Siyu leo uko makumbusho ya Fowler, Los Angeles, na ilibidi wataalamu kama Zulfikar Hirji, katika utafiti uliotoka mwaka 2019, walinganishe nakshi na hati kwa uangalifu mkubwa ili kuirudisha misahafu ya namna ile kwao, angalau kwa maandishi. Kitu kilisafiri, mdomo uliobeba jina ukabaki barazani. Kisha mtu wa makumbusho anaandika kwenye kikaratasi, "fundi hajulikani." Kikaratasi hicho kinanichoma kila nikikiona, kwa sababu kimeandikwa kana kwamba kutojulikana ni sifa ya fundi, kama urefu au rangi. Fundi alijulikana. Asiyejua ni aliyenunua, na hakuuliza.

Hapo naweza kuwatetea wale wazee wangu wa usiku. Wao angalau huuliza. Wanachokosa ni kuelewa kwamba njia yao inafanya kazi pale tu serikali ilipotoza kodi na kanisa likabatiza. Ukiileta Siyu na daftari lako la kodi, utaondoka ukidhani mji haukuwa na watu. Siyu inataka mtafiti wa namna nyingine, anayeweza kukaa barazani mpaka maji yajae tena, na anayejua kwamba mzee akisema "yule wa kina fulani" ameshampa hati nzima ya kumbukumbu.

Na wazee hao wanapungua. Nyundo za Siyu zinazolia leo ni chache. Vijana tuko Mombasa, Malindi, Nairobi, tunauza maneno. Jina lililokaa mdomoni lina ubaya huo mmoja: mdomo ukifungwa, limekwenda.

Kwa hivyo Desemba nilirudi, safari hii na daftari la karatasi. Sikuuliza habari za bunduki. Nilimuuliza Babu nani alimfundisha kazi, na aliyemfundisha alifundishwa na nani. Alianza kutaja huku anafanya kazi, hata hakuniangalia, kama mtu anayesoma kitu alichokihifadhi chuoni utotoni. Yalikuwa majina saba, kila jina na mtaa wake, na kila mmoja kitu alichosifika nacho: huyu mashoka, huyu majambia, huyu mkono wake mzito lakini chuma chake hakipindi. Wawili kati yao hawakuwa wa ukoo wetu kabisa. Nilikuwa nimeamini siku zote kwamba kazi hii ni ya damu.

Utaona kwamba hayo majina saba sijayaandika hapa. Najua, baada ya maneno yote haya. Babu alisema wenye watu wao waulizwe kwanza, nyumba kwa nyumba, kabla sijayatia mtandaoni, na hilo ndilo sharti ambalo wanunuzi hawakulitimiza. Nimeshauliza nyumba tatu. Moja imekubali, moja imekataa, moja imenipa jina la nane.

Jina la tano Babu alilisahau nusu. Alilijua la mtu, la baba yake likamtoka. Alisimamisha mivukuto, akakaa kimya muda mrefu, akanituma kwa bibi mmoja upande wa pili wa mji. "Mwambie nimekutuma mimi. Na enda sasa, kabla hayalala." Nilipotoka nilimsikia ameanza tena kupuliza, na upepo ukipita ndani ya ule mtutu.